SADAKA KWA WATOTO WENYE USONJI: TUMPE NANI?

(Mada iliyowasilishwa katika darsa baina ya Magharibi na Isha, Kariakoo, Dar es Salaam)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyemtukuza mwanadamu na kuwagawia waja Wake neema na mitihani kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika Uislamu, kamati ya msikiti imetutaka tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika katika darsa zetu. Katika mwezi wa Ramadhani waumini walichanga fedha kwa ajili ya watoto wenye usonji. Fedha hizo bado zimo mikononi mwa kamati, na barua tatu za maombi zimeletwa na watu wa sehemu tatu mbalimbali. Wazee wa kamati wakasema: mwalimu wa madrasa ana mtoto mwenye hali hiyo, basi na atuongoze tumpe nani.

Tumeipokea kazi hii kwa hofu. Mwenye mtoto hudhani kuwa anajua, kumbe anamjua mtoto wake tu. Hata hivyo mzazi huona jambo ambalo mfadhili halioni, kwani yeye ndiye anayebaki na mtoto baada ya wageni na wapiga picha kuondoka. Tutazungumza leo kwa jicho hilo.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza katika miaka ya mwanzo ya mtoto. Kwa Kiarabu huitwa at-tawahhud, yaani hali ya mtu kuwa peke yake. Mwenye hali hiyo hupata taabu katika kuwasiliana na kuchangamana na watu, hupenda mambo yajirudie kwa utaratibu ule ule, na mara nyingi masikio, macho au ngozi yake huhisi mambo kwa ukali kuliko sisi. Baadhi yao hawasemi kabisa. Wengine husema, husoma na kuhitimu vyuo vikuu. Usonji hauambukizi, na mpaka leo hakuna dawa inayouondoa. Kinachomsaidia mtoto ni mafunzo yanayoanza mapema na watu wanaomwelewa.

Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii katika makala yake ya mwaka 1943 huko Marekani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, katika mkusanyiko wa watu 1,000 tutegemee kuwapata saba au wanane. Basi tunapozungumzia watoto hawa tunazungumzia nyumba za mitaa yetu, ijapokuwa milango yake imefungwa.

Wapo waliowatia akina mama hatiani. Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya wataalamu wa Magharibi, Bruno Bettelheim akiwa maarufu miongoni mwao, walidai kuwa ubaridi wa mama ndio unaomfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake. Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, aliipinga dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1964, na utafiti uliofuata ukaibatilisha. Kisha ikazuka dhana ya chanjo, kutokana na makala iliyochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Lancet la Uingereza. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Tunayataja haya kwa sababu huku kwetu mama angali anaulizwa alikula nini, alipita wapi na nani kamfanyia.

ALIYETOA CHAKE NA ALIYEBEBA CHA WENGINE

Huenda mmoja wetu akasema: mbona tunajisumbua? Muislamu hutoa kwa niya yake, na malipo yake yapo kwa Allah. Hoja hii ina msingi. Katika Hadith iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari za mtu aliyetoa sadaka kwa siri mara tatu, mara ikaangukia mikononi mwa mwizi, mara kwa mwanamke mzinifu, mara kwa tajiri. Watu wakamsema, lakini yeye akabashiriwa kuwa huenda sadaka ile ikawazuia wale wawili na maovu yao, na tajiri akapata mazingatio.

Tuitazame vizuri Hadith hii. Mtu yule alitoa mali yake mwenyewe, na hakujua. Kamati yetu imebeba mali ya watu wengine. Ndani yake imo shilingi elfu moja ya kijana mchukuzi wa mizigo wa Mtaa wa Kongo, na imo sarafu ya mama anayeuza vitumbua alfajiri pale Feri. Mwenye kubeba mali ya wengine ni wakili, na wakili huulizwa. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa (4:58) kuzifikisha amana kwa wanaostahiki, na katika Suratul-Hujuraat (49:6) kuihakiki habari kabla ya kuijengea hukumu. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akatenga fungu na kusema kuwa hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo hadharani, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi itamfuata huko. Hadith hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd As-Saidi (r.a.). Ikiwa mjumbe wa Mtume aliulizwa hesabu, ni taasisi gani leo itakayosema kuulizwa ni kuvunjiwa heshima?

BARUA TATU

Tuliwaendea wote watatu. Hatutawataja, kwani makusudio yetu ni kujifunza.

Barua ya kwanza iliandikwa katika karatasi nzuri ya rangi. Ilikuwa na picha ya mtoto anayelia, amefungwa kamba mguuni, na chini yake ahadi kwamba katika muda wa miezi mitatu mtoto hupona kabisa. Tulipofika tuliomba kuwaona waliopona. Tukaambiwa wamehamia mikoani. Tulipouliza tiba ni ipi, tukaonyeshwa chupa zisizo na maandishi yoyote.

Tulisikitika, lakini hatukushangaa, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kununua chupa kama zile. Mtoto wetu alipokuwa na miaka mitatu tulihangaika naye huku na huko. Tulimlipa mtu aliyejiita msomaji wa ruqya, naye akamshika mtoto kichwa na kumpigia ukelele sikioni, mtoto ambaye mlio wa pikipiki tu humfanya ajifiche chini ya kitanda. Kumsomea mtoto Qur'an na dua zilizothibiti ni Sunna, na sisi tunamsomea mpaka leo kila usiku kwa sauti ya chini. Kumuuzia mzazi ahadi ambayo muuzaji anajua kuwa hana uwezo nayo ni dhuluma, hata ikivikwa kanzu.

Barua ya pili iliomba fedha za fulana, mabango na gari la matangazo kwa ajili ya matembezi ya tarehe 2 Aprili. Tarehe hiyo ni siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu usonji, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2007 kwa pendekezo la nchi ya Kiislamu, Qatar, na kuadhimishwa kuanzia mwaka 2008. Tulikuwa tayari kuiweka kando barua hii, tukijiambia kwamba fulana haimfundishi mtoto kusema. Kisha tukakumbuka kuwa neno usonji sisi tulilisikia kwa mara ya kwanza redioni, katika siku kama hiyo. Kabla ya hapo tulikuwa tukisema tuna mtoto mkaidi, na tulikuwa tukimpiga. Allah atusamehe. Basi kuelimisha watu si jambo la kudharau. Hapa Dar es Salaam ipo Lukiza Autism Foundation, iliyoasisiwa na mama mwenye mtoto wa hali hii, ambayo imekuwa ikiandaa mbio za kuelimisha umma na kuchangisha.

Barua ya tatu iliandikwa kwa kalamu katika ukurasa wa daftari. Waandishi wake ni akina mama wawili waliopanga chumba kimoja na varanda huko Buguruni, wakakusanya watoto kumi na mmoja na mwalimu mmoja. Hawana usajili wala akaunti ya benki, na michango hupita katika simu ya mmoja wao. Pale tulimkuta mtoto wa miaka tisa asiyesema. Kwa miezi sita alikuwa akifundishwa kuonyesha picha ya bomba kila anapotaka maji. Alituonyesha ile picha, akapewa maji, akanywa. Aliyekesha na mtoto anayelia pasina kujua analilia nini ndiye anayejua thamani ya picha ile.

Hivyo ndivyo tulivyorudi, ndugu zetu: wenye karatasi nzuri hawana kitu, na wenye kitu hawana karatasi. Ilitubidi tutafute mizani.

MASWALI SITA

Kwanza: wanaahidi nini? Taasisi inayoahidi kuuondoa usonji na iachwe, hata ikiwa na wafadhili wakubwa. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha, katika Hadith waliyoipokea Abu Daud na wengineo, kuwa mwenye kutibu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya utabibu huwa dhamana wa madhara anayoyasababisha. Si jambo la kwetu peke yetu. Huko Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilitoa onyo mwaka 2019 dhidi ya maji ya kemikali za kupaushia yaliyokuwa yakiuzwa kwa madai ya kutibu usonji, saratani na Ukimwi. Ujinga wa mzazi mwenye uchungu ni soko kila mahali.

Pili: mtoto anaondoka na nini? Tusitosheke na idadi ya watoto walioandikishwa. Tuulize juu ya mtoto mmoja: alipoingia alikuwa hawezi nini, na leo anaweza nini? Anaweza kwenda chooni mwenyewe, kuvaa, kuomba maji, kungoja zamu yake, kukataa jambo bila ya kujing'ata? Tuulize pia mwalimu amefunzwa na nani, na anashika watoto wangapi.

Tatu: nani anakaa katika kikao? Suratush-Shuura (42:38) inawasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao. Taasisi nyingi za usonji zenye mizizi zilianzishwa na wazazi. Uingereza wazazi walianzisha chama chao mwaka 1962, nacho ndicho kinachojulikana leo kama National Autistic Society. Kenya wazazi walishiriki kuianzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003. Marekani kuna mfano wa upande mwingine. Shirika la Autism Speaks liliasisiwa mwaka 2005 na likawa na fedha nyingi, lakini watu wazima wenye usonji walililaumu kwa kuwasemea pasina kuwaweka katika uongozi wake. Mwaka 2009 lilitoa filamu fupi iliyousawiri usonji kama adui anayevunja nyumba za watu, na lawama zikazidi. Mwaka 2015 liliwaingiza watu wawili wenye usonji katika bodi yake, na mwaka 2016 likaondoa lengo la kuuponya usonji katika maelezo ya kazi zake. Fundisho ni kuwa hata wingi wa fedha haukuwa badala ya kuwauliza wenyewe.

Nne: mtoto anaonyeshwa vipi? Allah (s.w.) ametukataza katika Suratul-Baqara (2:264) kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Kumpiga picha mtoto akiwa uchi, akilia au akiwa amefungwa, kisha kuibandika mjini ili watu watoe, ni maudhi yanayotangulia sadaka yenyewe. Mtoto huyo atakua. Tujiulize kama tungeridhia mtoto wetu abandikwe hivyo katika nguzo ya Mnazi Mmoja.

Tano: hesabu ziko wapi? Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake kutoa taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Basi kuomba kuziona si fitina. Ni kuisaidia taasisi itekeleze lililo wajibu wake.

Sita: nani hafiki? Suratul-Baqara (2:273) inatueleza juu ya mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao na kuombaomba. Hakuna barua iliyotufikia kutoka kwa wazazi wenye watoto katika vitengo vya shule za serikali, ilhali vitengo hivyo vipo karibu yetu. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Uhuru Mchanganyiko nayo inajulikana kwa miaka mingi kwa kuwapokea watoto wasioona na wenye ulemavu wa akili. Masomo ya shule ya serikali hayana ada, lakini tumfikirie mama wa Tandika au Mbagala. Asubuhi hulipa nauli yake na ya mtoto, akarudi kwa nauli ya tatu. Mchana hulipa ya nne kumfuata mtoto, na wawili hao wakarudi kwa mbili nyingine. Hizo ni nauli sita kwa siku, na biashara yake ya mama ntilie imekufa kwa sababu saa za kuuza chakula ndizo saa za kuwa njiani. Siku nauli ikikosekana, mtoto hubaki nyumbani. Mama huyu hana karatasi ya rangi wala daftari, naye ndiye tuliyekaribia kumsahau.

ZAKA, SADAKA NA WAQFU

Tuseme sasa neno la fiqhi, kwa ufupi. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba (9:60), na ulemavu peke yake si mojawapo. Mtoto mwenye usonji wa mfanyabiashara tajiri hastahiki zaka kwa ajili ya usonji wake. Mama wa nauli sita anastahiki kwa ufakiri wake. Kwa hiyo zaka ikabidhiwe mikononi mwa familia masikini, ama moja kwa moja, ama kwa taasisi tunayoiamini ambayo itawafikishia kama wakili wetu. Tusiitumie kwa mabango wala kodi ya ofisi.

Sadaka ya kawaida ni pana zaidi. Inafaa kumlipa mwalimu, kununua vifaa, kupeleka mtu mafunzoni, hata kuelimisha umma. Baadhi wametuuliza juu ya vituo vinavyoendeshwa na makanisa au na watu wasio Waislamu. Suratul-Mumtahina (60:8) haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita. Sadaka yafaa kupelekwa hapo, ama zaka rai ya wanazuoni walio wengi ni kuwa hupewa Waislamu. Tuulize tu kama mtoto wa Kiislamu ataachwa na dini yake, na tuulize kwa adabu.

Lipo fungu la tatu tunalolipuuza, nalo ni waqfu. Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar na kutaka ushauri, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Wanahistoria, akiwemo At-Tabari, wamepokea kuwa Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria, aliwawekea wenye ulemavu posho, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu wa kumuongoza. Na wazee wa mji huu walioasisi Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933 walijenga shule kwa michango yao hapa hapa Kariakoo, nao hawakuwa matajiri.

Sisi leo tumekaa katika ardhi ambayo fremu moja ya duka kodi yake inaweza kumlipa mwalimu mwezi hadi mwezi. Mtoto mwenye usonji hutaabika sana mwalimu aliyemzoea anapoondoka. Mchango wa Ramadhani humleta mwalimu kwa miezi minne, na kodi ya fremu humbakisha. Wenye majengo miongoni mwetu wanalisikia neno hili, na hatuna haja ya kuwatazama.

TULICHOISHAURI KAMATI

Barua ya kwanza irudishwe kwa heshima, pamoja na sababu. Barua ya pili isipewe fedha za fulana. Watu wake waalikwe wafundishe wazazi katika ukumbi wa madrasa, na nauli na gharama zao zilipwe. Barua ya tatu isaidiwe, lakini kwa namna inayowakinga akina mama wale na tuhuma: kodi ya chumba ilipwe kwa mwenye nyumba kwa risiti, mwalimu agharimiwe mafunzo, na kijana wetu mmoja anayejua uhasibu awafundishe kuweka hesabu na kuwashughulikia usajili. Baada ya mwaka mmoja tuwatembelee na kumuuliza yule mtoto wa picha ya bomba ameongeza picha ngapi. Na fungu la nne, ambalo halikuombwa na yeyote, liwe la nauli kwa akina mama masikini wenye watoto katika shule za serikali. Lianze na waumini wa mitaa yetu, kwa siri, kwani Suratul-Baqara (2:271) inatufundisha kuwa kuwapa mafakiri kwa siri ni bora kwetu.

Huenda tumekosea katika baadhi ya haya. Kamati inaweza kuturudi, na tutashukuru.

MLANGO WA MSIKITI

Limebaki neno moja, nalo ni zito kwetu kulisema. Mtoto wetu sasa ana miaka minane. Tulipokuwa tukija naye kwa swala ya Alasiri, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga viatu vya waumini mlangoni, jozi kwa jozi, katika mstari ulionyooka kuliko safu zetu. Akimaliza alikuja kusimama pembeni yetu, na pengine alitoa sauti. Siku moja sauti hiyo ilitoka katika rakaa ya pili. Baada ya salamu mtu alimshika mkono kwa nguvu na kutuambia kwamba msikiti si mahali pa vichaa. Hatukujibu. Tokea siku ile tunakuja peke yetu, na kila Alasiri mtoto husimama mlangoni pa nyumba akiwa ameshika kandambili zake.

Hatusemi haya ili mtu atafutwe. Yule bwana alikuwa akiilinda swala kwa alivyojua. Lakini tumkumbuke Mtume wetu (s.a.w.). Amepokea Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mwanamke mwenye kasoro katika akili yake alimwambia kuwa ana haja naye. Mtume (s.a.w.) alimwita kwa jina la heshima, akamtaka achague njia yoyote aipendayo, kisha akasimama naye hapo mpaka alipomaliza haja yake. Kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wajumbe wa kumngojea, alimwachia mwanamke yule achague mahali. Na katika Suratu Abasa Allah (s.w.) alimuelekeza Mtume Wake juu ya kipofu aliyemjia kutafuta mwongozo. Kipofu huyo, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), alikuja kuwa muadhini wa Mtume.

Tunaiuliza taasisi mtoto anaondoka na nini. Taasisi nazo zina haki ya kutuuliza: nyinyi mnaotoa fedha, mtoto akija kwenu anapokewa vipi? Sadaka inayotolewa ili mtoto atunzwe mbali nasi ina walakini. Kuacha nafasi mwishoni mwa safu karibu na mlango, kupunguza kipaza sauti cha ndani, na kumwambia mama kwamba hana kosa, haya hayahitaji barua wala risiti. Bukhari amepokea kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba sisi tunanusuriwa na kuruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wetu. Basi tusije tukadhani kuwa sisi ndio tunaowabeba.

Kesho, inshaallah, tutakuja na mtoto swala ya Alasiri. Mtakapotoka na kukuta viatu vyenu vimehamishwa, vitafuteni katika mstari.

Tunamuomba Allah (s.w.) azikubali sadaka zetu, azitakase niya zetu, awape subira na nguvu wazazi waliopewa amana hii, na awajaalie watoto wetu kuwa sababu ya sisi kuingia Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.